Muulize Nesi Mstaafu: Bosi Akitoka, Mtoto Anageuzwa

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache tu namna watoto wachanga wanavyolazwa kwenye vituo vya kulelea mchana, kisha nikahamia kwenye upele wa joto. Nyinyi hamkuhama. Barua za mwezi huu karibu zote ni za usingizi, na kilichonifurahisha ni kwamba nyingi zimeandikwa na walezi wenyewe. Kwa kawaida walezi husemwa, hawasemi. Nimezifupisha, na majina yako kapuni.

SWALI: Shikamoo Bibi Nesi. Nina kituo cha kulelea watoto Tabata, na katika hao kuna wachanga sita, wa miezi mitatu hadi kumi. Nilihudhuria semina tukaelekezwa kuwa mtoto alazwe chali. Nikawaelekeza wasichana wangu, wakaitikia "sawa dada". Lakini yupo mama mmoja mtu mzima, mzoefu kuliko wote. Nikitoka kwenda sokoni, nikirudi nakuta wachanga wote wamegeuzwa kifudifudi. Nikimuuliza anasema chali mtoto atapaliwa na maziwa, tena kifudifudi hawasumbui. Nimfukuze? (Mwenye kituo, Tabata)

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimfukuze. Ukimfukuza leo, kesho kapata kazi kituo cha mtaa wa pili na anawageuza watoto wa huko. Huyo ndiye wa kumshinda kwa hoja, maana akikubali yeye wasichana wote watafuata. Wewe ni bosi wao, lakini mwalimu wao ni yeye.

Anza kwa kumpa haki yake. Ni kweli kwamba kifudifudi mtoto analala fofofo na hasumbui. Na wazo lenyewe hakulitunga. Hadi miaka ya 1980 madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wakiwashauri akina mama wawalaze watoto kifudifudi, na hoja ilikuwa hiyo hiyo ya kupaliwa. Sisi manesi wa umri wangu tulisoma vitabu vilivyotoka huko. Kisha watafiti wa New Zealand na Uingereza wakaanza kuhesabu watoto waliolazwa wazima wakakutwa wamekufa, wakaangalia walikuwa wamelazwaje, na kifudifudi ikajitokeza kila mahali. Desemba 1991 Uingereza ikaanza kampeni ya kuwaambia wazazi "mlaze chali". Marekani ikafuata mwaka 1994. Katika miaka michache vifo hivyo vilipungua kwa zaidi ya nusu, bila dawa mpya wala mashine. Mtoto aligeuzwa tu.

Sasa mwambie kwamba ule usingizi mzito anaousifia ndio wenyewe wa kuogopa. Mtoto wa miezi mitatu, pua ikizama kwenye godoro au kanga, anavuta tena ile hewa aliyokwisha kuitoa. Mtu mzima angeshtuka akageuza kichwa. Ubongo wa mtoto sehemu ile ya kushtua bado haujakomaa, na kifudifudi inazidi kuulaza. Joto nalo linashindwa kutoka vizuri.

Hoja yake kubwa ni kupaliwa, na hiyo usimjibu kwa karatasi ya semina. Mwambie ashike koo lake. Kile kigumu anachokigusa mbele ni bomba la hewa. Bomba la chakula liko nyuma yake. Mtoto akiwa chali, bomba la hewa linakuwa juu na la chakula linakuwa chini. Akicheua, maziwa yanatokea bomba la chini, na ili yaingie kwenye hewa lazima yapande. Akiwa kifudifudi mambo yanapinduka: la hewa linakuwa chini na maziwa yanaelekea huko huko. Nimeona walezi wabishi kweli kweli wakinyamaza hapo, mkono ukiwa bado shingoni. Amcheulishe mtoto begani baada ya kunyonya, kama alivyozoea, halafu amlaze chali.

Ubavu je? Hapana. Mtoto aliyelazwa ubavu anaangukia kifudifudi akiwa hajui kurudi.

Kuna jambo moja ambalo semina nyingi hulipita haraka, nami ndilo ninalolikazia: wiki ya kwanza ya mtoto kituoni. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 uliangalia watoto waliokufa kwa njia hii na kukuta kwamba karibu mmoja katika kila watano alikuwa mikononi mwa mlezi, si mzazi. Na katika hao waliofia kwa walezi, kama theluthi moja walikufa ndani ya wiki ya kwanza, na karibu nusu ya hao siku ya kwanza kabisa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya: nyumbani mtoto amezoea chali, kwa mlezi anawekwa kifudifudi kwa mara ya kwanza, na shingo yake haijawahi kujifunza kugeuka kutafuta hewa. Kwa mtoto wa namna hiyo hatari inapanda hata mara 18.

Piga hesabu ya kwetu. Likizo ya uzazi Tanzania ni siku 84. Kenya ni miezi mitatu. Umri ambao vifo hivi hutokea zaidi ni kati ya miezi miwili na minne. Kwa hiyo sheria inakukabidhi wewe mtoto katika miezi ile ile mibaya, akiwa mgeni, analia, na mlezi amechoka anatafuta namna ya kumnyamazisha. Kwa hiyo kwenye fomu yako ya kumpokea mtoto, pale unapouliza anakunywa nini na ana mzio gani, ongeza mstari: nyumbani analala vipi? Mgeni alale karibu kabisa na mlezi wiki yote ya kwanza.

Wale wa miezi saba na nane wanaojigeuza wenyewe kwenda na kurudi, walaze chali kisha waache wachague. Huna haja ya kusimama usiku na mchana unawapindua.

Na yule mama mpe daftari. Awe ndiye mwenye kuandika kila mtoto kalazwa saa ngapi, vipi, na nani kamwangalia. Mtu aliyekabidhiwa daftari hachezi na kilichoandikwa humo. Kuhusu hili niamini mimi, nimeendesha wodi.

SWALI: Habari bibi. Mwanangu ana miezi minne, namwacha kituoni saa moja asubuhi. Nikimchukua saa kumi na mbili jioni yuko usingizini, amelegea, hata ziwa halitaki. Jumapili nikiwa naye hana usingizi huo. Jirani anasema pale wanawapa Piriton walale. Nimuulizeje mwenye kituo bila kugombana? (Mama mfanyakazi, Mbagala)

JIBU: Gombana.

Ila kwanza, siku utakayomkuta amelegea na haamshiki vizuri, usipite nyumbani. Nenda hospitali moja kwa moja na useme wazi unachokishuku, kwa sababu daktari asiyeambiwa atatafuta malaria. Piriton ni dawa ya mafua na mzio, inayoleta usingizi kama madhara yake. Mtoto wa miezi minne hapewi dawa hiyo ili alale, wala dawa ya kikohozi, wala chochote cha kumtuliza. Nimeeleza hapo juu kwamba kinachomwokoa mtoto ni uwezo wa kushtuka hewa inapopungua. Dawa inaondoa uwezo huo. Ukimweka kifudifudi juu yake, umefunga milango yote miwili.

Fika saa saba mchana siku moja bila taarifa. Kituo kizuri hakikuzuii. Angalia watoto wangapi wanalala, na wangapi wanalala kupita kiasi kwa wakati mmoja. Wachanga kumi hawakubaliani saa ya kulala hata siku moja. Ukiridhika kwamba kuna kitu, mtoe mtoto, kisha nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa kata au halmashauri yako. Ndio wanaosajili na kukagua vituo hivi. Namba 116 ya huduma kwa mtoto nayo ni ya bure. Nyumba ya mtu aliyejitolea tu kulea watoto wa jirani nayo isikutishe kuripoti eti ni jirani.

SWALI: Asalaam alaykum mama. Nafanya kazi za ndani Muscat, namlea mtoto wa miezi miwili. Madamu kanunua kitanda cha gharama, mito ya kuzunguka pembe zote, blanketi nene na midoli. AC inawaka usiku kucha. Mchana anataka nimlaze kwenye kiti cha kutikisika chenye muziki. Nilisikia kwenye redio kuwa hivi vitu vibaya, lakini nikivitoa anasema namnyima mtoto raha. (Binti wa Unguja, Muscat)

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Redio ilikuambia kweli. Kitanda cha mtoto mchanga kinatakiwa kiwe na godoro gumu, shuka iliyobanwa, na mtoto. Basi. Marekani mwaka 2022 walipitisha sheria ya kupiga marufuku kuuza ile mito ya kuzungushia kitanda, pamoja na vilalio vya watoto vyenye mwinamo wa zaidi ya nyuzi 10. Sababu ni vifo. Kwenye kiti kilichoinama kidevu kinaangukia kifua na bomba la hewa, ambalo kwa umri huo ni laini na jembamba, linajikunja. Mtoto hapigi kelele. Unamkuta tu. Kiti hicho ni cha kukaa akiwa macho, unamwangalia.

Lakini tatizo lako si elimu, ni mamlaka. Huwezi kumfundisha mwajiri wako nyumbani kwake, na mimi siwezi kukutuma ukafukuzwe. Fanya hivi: omba kumsindikiza kliniki ya chanjo. Mbele yake muulize daktari kwa adabu, "Alale vipi? Mto unaruhusiwa?" Jibu litatoka kwa mwenye koti jeupe na utakuwa umelisikia pamoja naye. Baada ya hapo unapotoa mito unafuata maneno ya daktari.

AC usiizime, joto la huko nalijua kwa kusimuliwa. Isimpulizie moja kwa moja. Badala ya blanketi mwombe madamu anunue mfuko wa kulalia, ule wa kuvaa mabegani wenye zipu. Maduka ya huko yanao, na kwa kuwa ni kitu kizuri cha kununua hatakataa.

SWALI: Mwenzangu, wajukuu wa siku hizi wanalazwa chali mpaka visogo vimekuwa bapa. Binti yangu kanipiga marufuku mto, na hata hirizi ya shingoni anaivua mtoto akilala. Sisi tuliwalaza hivyo hivyo na wakakua. Au siyo? (Bibi wa wajukuu, Ngamiani, Tanga)

JIBU: Mwenzangu wa nyumbani, salamu nyingi. Walikua, ndiyo. Waliokua ndio hao wanaotupigia simu. Wale wengine unawakumbuka pia, mtaa wetu mmoja. Ilisemwa bundi kapita juu ya paa, au degedege, au mama kamlalia, na maiti ya mtoto mchanga ilizikwa kabla ya alasiri. Hakuna aliyeuliza alikuwa amelazwaje.

Kisogo bapa kipo, na kinarudi chenyewe mtoto akianza kukaa. Cha kufanya ni kumlaza tumbo akiwa macho, mbele yako, mara kadhaa kwa siku, dakika chache chache, shingo ipate nguvu. Hapo ndipo penye kazi ya bibi, na hakuna anayeiweza kuliko bibi. Akiwa chali, leo mgeuze uso kuelekea dirishani, kesho kuelekea mlangoni. Ile mito yenye shimo katikati inayouzwa Kariakoo kwa kutengeneza kichwa, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2022 isitumike kabisa.

Hirizi sikuambii uitupe. Kamba ndiyo inayonitisha. Uzi wowote shingoni mwa mtoto anayejigeuza unaweza kumkaba, uwe wa hirizi, wa rozari au wa nyonyo bandia. Itundike ukutani mbali na mkono wake. Aliyeiandika akikuambia ikiwa ukutani haifanyi kazi, basi ilikuwa haifanyi kazi tangu shingoni. Binti yako yuko sahihi, na amelelewa vizuri kuweza kukukatalia kwa adabu.

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi kwenye kituo cha watoto Luton, Uingereza. Huku tulipewa mafunzo ya kulaza watoto salama: kila mtoto na kitanda chake, tunawakagua kila dakika 10 na kusaini, chumba kina kipimajoto. Desemba nakuja nyumbani Mbagala, nataka niwafundishe walezi wa mtaani kwetu. Nimeshaandaa slaidi 40. Unanishauri nini? (Mlezi, Luton)

JIBU: Marahaba, na Mungu akubariki kwa kufikiria kwenu. Slaidi ziache Luton.

Nitakueleza nilivyoona mafunzo yanavyoharibika. Mkufunzi anafika na orodha ya nchi nyingine, anaisoma. Kwenye orodha yako najua imeandikwa chumba kiwe nyuzi joto 16 hadi 20. Mbagala mwezi wa Desemba, mchana, nyuzi ziko 30 na zaidi, feni haina umeme. Ukiwasomea hiyo watacheka, na wana haki ya kucheka. Baada ya hapo hata useme la maana namna gani, wewe ni yule dada wa nyuzi 16.

Kumbe jambo lenyewe, joto la mtoto, ni kubwa kwetu kuliko huko Luton. Nenda kituo chochote cha Dar es Salaam uwaone wachanga: kofia ya sufi, soksi, sweta, na juu yake shali, saa nane mchana, bati linawaka. Mama kamvalisha hivyo alfajiri kwa sababu ya upepo wa bodaboda, na hakuna aliyemvua. Mtoto hutolea joto jingi kichwani. Ukimfunika kofia akiwa amelala unamchemsha. Kwa hiyo badala ya kipimajoto wafundishe mkono: kiganja kisogoni au kifuani. Kukiwa na jasho, vua kitu kimoja. Mikono na miguu ikiwa baridi kidogo isiwatishe. Kofia inavuliwa mlangoni, mtoto anapopokelewa, kama viatu msikitini. Hilo litakaa vichwani mwao.

Vitanda hutavikuta. Utakuta godoro moja la futi sita, watoto sita wamelazwa kwa upana wake, mguu wa huyu usoni mwa yule. Usiwaambie wanunue vitanda sita. Hawana, na ukishasema hivyo wamekata tamaa na yote yaliyobaki. Waambie waweke mkeka, juu yake godoro jembamba gumu, kila mtoto na lake au angalau na sehemu yake ambayo mwenzake hawezi kuifikia kwa mkono. Kupima godoro: bonyeza kwa kiganja, inua. Alama ya kiganja ikibaki, ni laini mno. Foronya, mito na kanga za kujifunika zitolewe. Mlezi asilale kamwe na mtoto kwenye kochi, hata "kidogo tu". Mama anayenyonyesha akilala na mwanawe nyumbani kwake hilo ni suala jingine, lina masharti yake. Mlezi aliyechoka na mtoto wa mwenzake kwenye kochi halina masharti, ni hapana.

Na jiko la mkaa. Hili halimo kwenye mafunzo ya Luton. Uji unapikwa chumba kile kile au ukumbini, mlango umerudishwa watoto wasitoke. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuonya, na mtoto mdogo inamdhuru haraka kuliko mtu mzima. Jiko nje, au watoto chumba kingine chenye dirisha wazi.

Kukagua kila dakika 10 ni utaratibu mzuri na unawezekana. Ila waonyeshe kukagua ni nini. Walezi wengi wanafungua pazia, wanaona kimya, wanashukuru Mungu, wanarudi. Kimya si jibu. Anatakiwa asogee, aone kifua kinapanda, aone rangi ya midomo, aguse kisogo. Kwa hiyo chumba kisiwe na giza. Na bora zaidi, wachanga walale pale pale mlezi alipo, hata kama ni penye kelele. Mtoto wa uswahilini amezoea kelele tangu tumboni.

Ukitaka kuwaonyesha kwamba hata kwenye sheria kali mambo huharibika, wasimulie lililotokea Stockport mwaka 2022. Mtoto wa kike wa miezi tisa, kituoni, alifungwa kifudifudi kwenye mto mkubwa wa kukalia, amebanwa kwenye blanketi, akaachwa zaidi ya saa moja na nusu. Alikufa. Mlezi wake alihukumiwa mwaka 2024 kwa kuua bila kukusudia. Kulikuwa na mafunzo, na kulikuwa na watu chumbani. Waulize walezi wako: ungekuwa wewe ndiye mwenzake, msichana mgeni kazini, ungesemaje? Kisha nyamaza uwasikilize. Mazungumzo ya hapo ndiyo mafunzo yenyewe, kwa sababu anayemwona mkubwa wake akimgeuza mtoto mara nyingi ni msichana wa miaka kumi na minane, na hakuna aliyemfundisha aseme nini.

Lete mwanasesere mmoja mwenye uzito kidogo. Kila mmoja aje mbele amlaze, wenzake wamkosoe. Wafundishe pia maneno ya kumjibu mzazi anayesema "mwanangu mlaze kifudifudi ndivyo alivyozoea". Mimi huwafundisha hivi: "Hapa kwetu wote tunawalaza chali, mama. Ukileta barua ya daktari tutaifuata." Wakariri mpaka ulimi ulainike. Vituo vingi Marekani hutumia utaratibu huo wa barua.

Usimalize bila huduma ya kwanza: mtoto asiyepumua apulizwe pumzi tano, kisha abonyezwe kifua mara 30 na pumzi mbili, na kuendelea, huku mwenzake akiita msaada. Hili usilifundishe kwa maneno. Chama cha Msalaba Mwekundu wana wakufunzi na wana midoli yao; waombe. Na waulize walezi swali moja la mtaani: dereva gani wa bajaji yuko karibu saa saba mchana, na namba yake iko wapi? Iandikwe ukutani.

Mambo ya utawala kwa kifupi. Pitia kwa mwenyekiti wa mtaa na Afisa Ustawi wa Jamii, ili wasione umekuja kuwachongea. Serikali Desemba 2021 ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa hiyo unachofanya kina mahali pa kukaa. Fanya Jumamosi alasiri, wazazi wakiwa wamewachukua watoto. Toa nauli na soda. Cheti watakitaka sana. Usikitoe siku hiyo. Mwachie mtu unayemwamini apite baada ya mwezi mmoja, saa ya watoto kulala, bila taarifa. Atakaowakuta chali, bila kofia na daftari limeandikwa, hao wapewe cheti.

SWALI: Hujambo nesi. Nawalaza watoto ndani ya neti, lakini mama mmoja anasema neti inawanyima hewa. Ni kweli? Na kumbeba mgongoni hadi alale ni sawa? (Mlezi, Kisumu)

JIBU: Sijambo. Neti ina matundu, hewa inapita. Mbu wa Kisumu ni hatari ya kweli na ya kila usiku. Itandaze iwe imekazwa, uichomeke chini ya godoro, isimwangukie usoni wala isiwe na kamba zinazoning'inia. Mgongoni ni sawa kwa aliyekwisha kukaza shingo, uso ukiwa wazi na pua haijazama kwenye nguo yako. Mdogo zaidi mbebe mbele, umwone. Akishalala na wewe unataka kukaa au kupika, mteremshe umlaze chali. Kiti cha gari nacho ni hivyo hivyo: mkifika, mtoe.

SWALI: Bibi, mimi ni fundi seremala Keko. Siku hizi napata oda za vitanda vya watoto kutoka dei kea, kila mteja analeta picha yake ya simu. Vipimo salama ni vipi? (Fundi, Keko)

JIBU: Fundi, laiti kila aliyeandika angeuliza kabla ya kukata mbao. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, isipungue 4 na nusu. Kubwa zaidi mwili unapita kichwa kinabaki. Kutoka mbao za chini hadi ukingo wa juu iwe sentimita 60 au zaidi, maana akianza kusimama ataruka. Godoro lije kwanza, ndipo ukate fremu: likikaa ndani, pembeni visipite vidole viwili. Nguzo za kona zimalizikie sawa na ukingo, usiweke vile vichwa vya urembo vinavyonasa nguo. Upande wa kushusha na kupandisha mteja akiudai, kataa. Marekani waliupiga marufuku mwaka 2011 kwa sababu bawaba zikilegea mtoto ananasa. Rangi iwe isiyo na risasi, na ikauke kabisa kabla hujapeleka. Ile droo ya chini unayoipenda weka, walezi hawana pa kuhifadhia shuka.